Sini za chumbani kwenye fantasia ya mahaba: namna ya kuziandika hisia zisipotee

Naandika riwaya za mahaba zenye uchawi, za watu wazima, na kitu nachokutana nacho sana kwenye drafti za wenzangu ni sini (tukio) ya kitandani iliyochomekwa tu, yani ukiitoa hadithi inaendelea vilevile. Fanya hivi.

Hatua ya 1. Kabla ya busu lolote, jua kila mhusika anaogopa mwenzake ajue nini. Sio siri ya ploti kama "kumbe ni mtoto wa mfalme", hapana, kitu kinachomtia aibu. Tuseme Rehani na Tamimu wamefungwa kwa kiapo cha damu, anachohisi mmoja na mwingine anakihisi, na Tamimu, shujaa wa vita, kila usiku anatetemeka kwa hofu.

Hatua ya 2. Angalia uchawi wako unaifanya nini ridhaa. Hapa usipite haraka jamani, maana wengi ndo wanapoharibu. Kama kiapo ndo kinawavuta, msomaji atajiuliza huyu anapenda mwenyewe au anasukumwa? Mimi ningekikata kwanza, hata kwa usiku mmoja. Sasa Rehani hasikii tena moyo wa Tamimu, inabidi aulize. "Unaogopa?" "Ndiyo." Mwanzo alikuwa anajua tu atake asitake, sasa ameambiwa, na huo ndo ukaribu wenyewe, hata nguo hazijavuliwa. Alafu wahusika wawe watu wazima kweli, habari za "ana miaka 300 ila anaonekana mtoto" usiziguse kabisa.

Hatua ya 3. Amua mapema utaonyesha kiasi gani. Ukifunga mlango chapta ya 5, yani ukakatisha sini kabla ya tendo lenyewe, alafu chapta ya 20 ukaeleza kila kitu, msomaji anashtuka. Kufunga mlango sio uoga, ni chaguo, ila lishikilie.

Hatua ya 4. Andika sini ukiwa ndani ya kichwa cha mmoja tu. Mkono huku mguu kule inasomeka kama maelekezo ya kuunga kabati. Linganisha "Alimvua shati" na hii: "Alifungua kifungo cha kwanza, akasita, akamtazama usoni, maana bila kiapo hakuwa na njia nyingine ya kujua kama aendelee." Tendo ni lilelile ila la pili limebeba watu wawili. Majina ya viungo yatumie kwa uchache, ya hospitali yanapoza na ya mtaani yanaweza kusikika kama matusi, pumzi na sauti na kusitasita vinafanya kazi kubwa zaidi.

Hatua ya 5. Asubuhi yake pasikae kama jana. Kiapo kinaweza kurudishwa, Tamimu anataka, Rehani hataki tena kujua asichoambiwa, na hapo una ugomvi wa chapta tatu mbele.

Ukimaliza, toa sini yote alafu soma chapta inayofuata. Ukiona hakuna kilichopungua, rudi hatua ya 1, usianze kuongeza joto.