Kuifuatilia Mishipa ya Retina Baada ya Sindano ya Jicho: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Kisukari wa Lamu

Mgonjwa wa Lamu anayekwenda Mombasa kuchomwa sindano ya jicho huvuka kwa boti hadi Mokowe, kisha hupanda basi safari ya saa nyingi, na siku anapoziona herufi ambazo mwezi uliopita hakuziona, hushawishika kuamini kwamba safari zimekwisha. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa kuona vizuri ni jambo moja na kupona kwa mishipa ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni jambo jingine.

Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, huharibu kuta za kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, za retina. Baadhi hutoa vivimbe vidogo na kuvuja, na nyingine huziba kabisa. Sehemu iliyokosa damu hutoa kwa wingi protini iitwayo VEGF, ambayo huzidisha uvujaji na kuchipusha mishipa mipya iliyo dhaifu na rahisi kupasuka. Dawa kama vile bevacizumab, ranibizumab na aflibercept huishika protini hiyo isifanye kazi yake. Dawa yenyewe ni kidogo, kwa kawaida mililita 0.05 tu, na nguvu zake hupungua baada ya wiki chache. Ndiyo sababu dozi za mwanzo hutolewa takribani kila mwezi.

Katika siku na wiki zinazofuata sindano, uvujaji hupungua, uvimbe wa makula, yaani ile sehemu ya katikati ya retina tunayosomea, hushuka, mishipa mipya husinyaa, na madoa ya damu hufifia taratibu. Anayeitazama picha ya retina wakati huo anaweza kudhani kwamba ugonjwa umeondoka. Hata hivyo, kapilari zilizoziba kwa kawaida hazifunguki tena. Sehemu yenye kiu ya damu bado ipo pale pale, na dawa ikiisha, protini huongezeka upya na mishipa mipya huweza kuchipuka tena, ikatoa damu ndani ya jicho au ikaivuta retina hadi ikabanduka. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu nimemwona mzee wa mtaani kwetu akiacha sindano alipoanza kusoma msahafu bila shida, na jicho hilo hakulipata tena.

Kwa hiyo, kila uendapo kliniki, omba kuonyeshwa picha za jicho lako na uulize maswali mawili: je, uvimbe umepungua, na je, sehemu zilizoziba ni kubwa kiasi gani? Skani ya OCT ya kawaida, yaani picha ya tabaka za retina inayopigwa kwa mwanga, hupima unene wa retina na hujibu swali la kwanza. La pili huhitaji picha za mishipa yenyewe, ambazo mara nyingi hupigwa baada ya rangi ya fluoresini kudungwa kwenye mshipa wa mkono. Andika daftarini tarehe, jicho lililochomwa, jina la dawa na tarehe ya kurudi, pamoja na kipimo cha HbA1c (wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita) na cha shinikizo la damu, kwani vyote viwili huiathiri mishipa hiyohiyo.

Nyumbani, kila asubuhi vaa miwani yako, ziba jicho moja kwa kiganja, kisha utazame kitu kilekile chenye mistari, kwa mfano nondo za dirisha au boriti za dari. Halafu ubadilishe jicho. Ukiona mstari umepinda kuliko jana, au doa jeusi katikati, mpigie simu daktari wako. Wekundu wa damu kwenye weupe wa jicho na vipovu vinavyoelea siku ya kwanza havina madhara. Lakini maumivu yanayozidi, uoni unaofifia, mvua ya vidoa vyeusi, mimweko ya mwanga au kivuli kama pazia havingoji hadi kesho: fika hospitali ya King Fahd hapa Lamu siku hiyohiyo, na useme wazi kwamba ulichomwa sindano ndani ya jicho, ili upewe rufaa bila kuchelewa.

Ikiwa unajua kwamba hutaweza kurudi kila mara, mwambie daktari kabla matibabu hayajaanza, bila kuona haya. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliikata barabara yetu ya kuelekea Garsen, na jicho halijui habari ya barabara. Kwa mwenye mishipa mipya, leza inayochoma sehemu za pembeni zilizokosa damu hupunguza utoaji wa VEGF kwa muda mrefu zaidi, na kwa mtu wa safari ngumu naona ni busara kuizungumzia mapema, ama peke yake ama pamoja na sindano.

Jicho la pili nalo likaguliwe katika safari hiyohiyo, hata kama halina shida yoyote, kwa sababu sindano ya jicho moja si tiba ya lile jingine.