Jinsi ya kuchagua mashine ya polishi na pedi zake, kutoka kijiweni Mbeya

Kuna Toyota Crown moja nyeusi hapa mjini, nikiiona imepaki Mwanjelwa navuka barabara. Enzi hizo sikuwa na mashine ya polishi. Nilikuwa na grenda ya kukatia nondo, nikaifunga pedi ya manyoya. Boneti iling'aa hadi mwenye gari akatoa simu apige picha. Nikahamia mlango wa nyuma, nikapita juu ya ule mkunjo ulio karibu na kitasa. Sekunde mbili tu, harufu ikageuka, na palipokuwa peusi pakabaki praima ya kijivu, ile rangi ya chini kabisa, upana wa kidole. Mlango mzima ulipakwa upya kwa hela yangu.

Tangu hapo kijana akiniuliza, "Kaka, ninunue mashine gani?" namrudisha kwanza kwenye gari lenyewe.

Hatua ya 1: Ijue rangi iliyo mbele yako

Magari mengi tunayoyashika huku ni Toyota za mtumba kutoka Japani: IST, Noah, Harrier, Probox. Juu ya rangi kuna klia, tabaka angavu linaloilinda, na klia ya kiwandani ni mikroni 40 au 50 hivi (mikroni elfu moja ni milimita moja). Unywele wa kichwani mwako kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Mikwaruzo yote unayolipwa kuiondoa imo ndani ya unene huo, na kila ukipiga polishi unaupunguza.

Kama una kipimo cha unene wa rangi, pima paa, boneti na milango yote. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima mpaka klia, mara nyingi husoma kati ya mikroni 90 na 150. Mlango mmoja ukisoma 300 na mingine 110, huo ulishapakwa rangi upya. Rangi ya mtaani haina tabia moja: nyingine ngumu kama kioo, nyingine inavutika kama ubani. Usichukulie kwamba dawa (polishi) iliyofaa boneti itafaa na hapo.

Huna kipimo? Chukua kitambaa cheupe na tone la polishi, sugua kwa mkono sehemu iliyojificha. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hapo hakuna klia, unasugua rangi yenyewe. Toyota nyeusi ya namba 202 (iangalie kwenye kibati cha gari) inajulikana kwa ulaini. Inakwaruzika hata kwa taulo bovu. Hiyo usiikimbilie na pedi ngumu.

Ukitaka kujua kwa nini magari yetu yana utando wa buibui (mikwaruzo midogo ya mviringo inayoonekana juani) mapema, angalia vumbi. Udongo wa Uyole na njia ya Tukuyu ni wa volkano, na ndani yake mna chembe za lile jiwe jepesi lenye vitundu, jamii ya lile tunalosugulia visigino. Mwosha magari akilifuta vumbi hilo kwa kitambaa kikavu, ameshapiga msasa tayari.

Hatua ya 2: Mashine

Grenda ndogo inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Rotari ya polishi inafanya kazi kati ya mizunguko 600 na 2,000. Grenda irudi kwenye nondo, tuendelee.

Rotari inazunguka kwenye mhimili mmoja. Inakata haraka, na fundi rangi anayetoa alama za msasa namba 2000 hawezi kuikosa. Ila joto lake linakusanyika mahali pamoja, na mkono usiozoea unaacha mawimbi ya mwanga ambayo ndani ya banda huyaoni. Mteja ndiye anayeyaona, saa saba mchana, jua likiwa juu ya boneti.

Mashine ya miondoko miwili, wengi tunaiita DA, sahani yake (bamba linaloshika pedi) inajizungusha na wakati huohuo inayumba kwenye duara dogo. Ukiibana sana au ukiipandisha ukingoni inaacha kuzunguka, inabaki kutetemeka tu. Udhaifu huo ndio bima yako. Anayeanza anunue DA. Zipo za gia, kama Flex XC 3401, ambazo hazisimami hata ukizibana. Zina nguvu nzuri, lakini pale ukingoni hazikuonei huruma.

Kwenye boksi la DA tafuta upana wa kuyumba kwa milimita: 8, 12, 15 au 21. Ya 8 ni tulivu lakini utachelewa. Ya 21 ni tamu kwenye paa na boneti pana za Land Cruiser, ila kwenye bampa la IST, mikunjo mitupu, inasimamasimama. Mimi ningechukua ya 15 yenye sahani ya milimita 125 (Rupes LHR 15 iko kundi hilo). Hela ikipatikana baadaye, ongeza ndogo ya sahani ya milimita 75 kwa ajili ya nguzo za milango na saiti mira.

Soma volti kabla ya kulipa. Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya mtumba ya Japani inataka 100, na ukiichomeka moja kwa moja utasikia "pwa!" na moshi. Ekstensheni nayo: ikiwa ndefu na waya mwembamba, mashine inalegea ukidhani ni mbovu.

Hapohapo dukani omba ichomekwe. Iwashe kwenye spidi 1. Ianze taratibu bila kuruka mkononi. Ulizia kama sahani yake inauzwa peke yake, maana velkro, ile inayonasa pedi, itachoka kabla ya mota.

Hatua ya 3: Pedi

Hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Anayenunua mashine nzuri na pedi mbili za hovyo nitampita nikiwa na mashine ya kawaida na pedi saba.

Usichague kwa rangi ya sponji. Kwa Rupes, bluu ndiyo ngumu na nyeupe ndiyo laini kuliko zote. Kwa Lake Country, nyeupe ni ya kati na nyeusi ni ya kumalizia. Pedi zisizo na jina ndiyo kabisa, kila kiwanda na rangi zake. Tumia kidole gumba. Bonyeza sponji hadi chini uiachie. Inayokataa kubonyea na kurudi haraka ni ya kukata. Inayozama kama chapati ya maji na kurudi polepole ni ya kumalizia. Ya kati utaijua ukishashika hizo mbili.

Manyoya yanakata kuliko sponji na hayapandishi joto sana, ila yanaacha ukungu, kwa hiyo lazima sponji laini ifuate. Maikrofaiba inakata vizuri kwenye DA, hasa kwa klia ngumu. Kwenye 202 iache kwenye begi.

Ukubwa: pedi izidi sahani kidogo pande zote. Sahani ya 125 ivae pedi ya 140 au 150. Zikilingana, siku moja ukingo wa sahani utagusa rangi. Pedi nene inayumba na kumeza nguvu za DA. Chagua nyembamba, yenye tundu katikati la kupumulia. Joto la DA hukaa katikati ya pedi, na ndilo linaloachanisha gundi ya velkro. Nilishawahi kuona sponji ikiruka hadi kwenye ndoo ya sabuni.

Kwa gari dogo andaa nne za kukata na tatu za kumalizia. Pedi iliyolowa kompaundi (polishi kali ya kukatia) haikati tena, inapaka tope.

Hatua ya 4: Jaribu kipande kimoja

Osha gari, pitisha udongo wa kusafishia rangi kwa maji ya sabuni, kausha. Bandika tepu ya karatasi kwenye mikunjo na raba. Kisha chagua kipande cha sentimita 50 kwa 50 katikati ya boneti, uanze na pedi ya kati na polishi ya kumalizia. Ndiyo, hiyo laini. Ikitosha, kazi imekuwa rahisi. Isipotosha, badilisha pedi kabla ya kubadilisha dawa.

Matone manne, kila moja kama punje ya harage. Sambaza kwa spidi 1, halafu panda hadi 4 au 5. Sogeza mkono kama sentimita 3 kwa sekunde, kila mstari ufunike nusu ya uliopita, kwanza wima kisha mlalo. Chora mstari wa maka peni kwenye sahani: ukiuona unapita, pedi inazunguka, ukiuona umeganda, punguza mkono. Weka kiganja kwenye bati. Ukishindwa kukituliza, simama.

Futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji kabla ya kumulika. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, na bila kuyatoa mteja atakurudia baada ya kuosha mara mbili: "Bosi, mbona imerudi?" Mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Kipande kikiwa safi, rudia hivyohivyo gari zima.

Hatua ya 5: Tunza pedi

Kila kipande kikiisha, piga pedi brashi au upepo wa kompresa. Jioni ioshe kwa sabuni ya maji na maji ya uvuguvugu, ikamue kwa kiganja bila kuisokota, uilaze uso chini ili maji yasikae kwenye gundi. Kivulini. Kipindi cha mvua na baridi la huku hesabu siku mbili mpaka ikauke, kwa hiyo usimpe mteja ahadi ya kesho wakati pedi zako zote bado zinachuruzika.