Hija ya Char Dham: jinsi ya kujisajili na kupanga safari ukitokea Afrika Mashariki

Ukiamua kwenda Char Dham, hija ya Wahindu kwenye miji minne mitakatifu, tiketi ya ndege iache kwanza. Anza na kalenda ya mahekalu. Miji hiyo minne, Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath, iko juu kwenye milima ya Himalaya, jimbo la Uttarakhand kaskazini mwa India, na karibu nusu ya mwaka imefungwa kwa theluji. Majira ya baridi hata ibada hushuka bondeni: ya Kedarnath hufanyika Ukhimath, ya Gangotri kijiji cha Mukhba. Ukifika Januari utakuta milango imefungwa.

Milango ya Yamunotri na Gangotri hufunguliwa siku ya Akshaya Tritiya, sikukuu ya Kihindu inayoangukia Aprili au Mei. Siku ya kufungua Badrinath hutangazwa wakati wa sikukuu ya Basant Panchami (Januari au Februari), na ya Kedarnath siku ya Maha Shivaratri (Februari au Machi). Kwa hiyo ikifika katikati ya Machi tarehe zote nne zinajulikana. Gangotri hufungwa siku inayofuata Diwali, Kedarnath na Yamunotri siku ya Bhai Dooj, sikukuu inayokuja mara baada ya Diwali, na Badrinath hufunga pazia mwezi wa Novemba.

Katikati ya hapo, Julai na Agosti ni masika yao, milima inaporomoka na barabara zinakatika. Mei na Juni hali ya hewa ni nzuri ila watu ni wengi kupita kiasi. Mimi ningechagua nusu ya pili ya Septemba au mwanzo wa Oktoba: mvua imepungua, foleni ni fupi, baridi bado inavumilika.

Tarehe zikishajulikana, shughulikia viza. Mwenye kadi ya OCI, ile ya watu wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine, haihitaji. Wengine, wenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, huomba viza ya kielektroniki ya utalii kwenye tovuti ya serikali ya India, indianvisaonline.gov.in. Tovuti za kuigiza ni nyingi na zinatoza mara mbili au tatu, kwa hiyo hakikisha anwani inaishia na gov.in kabla ya kutoa namba ya kadi ya benki. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 na kurasa mbili tupu. Andaa picha ya mraba yenye mandhari meupe, na ukurasa wa pasipoti wenye picha yako katika faili la PDF lisilozidi KB 300. Hili la ukubwa wa faili ndilo linalowarudisha watu nyuma, maana picha za simu za siku hizi ni nzito.

Fomu itakuuliza mtu au mahali pa kukutambulisha India. Jina na simu ya hoteli yako ya kwanza linatosha. Itauliza pia kama wazazi au babu na bibi zako waliwahi kuwa raia wa Pakistan. Familia zenye asili ya Karachi au Sindh zisipite swali hili haraka haraka. Kama jibu ni ndiyo, njia yako ni viza ya kawaida kupitia ubalozi, na hiyo inataka muda mrefu zaidi.

Viza ya siku 30 ina mtego mmoja. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kibali ni ya kuingia nchini. Siku 30 zenyewe zinahesabiwa tangu unapowasili.

Kisha kuna kadi ya njano. India inawataka wanaotoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano, zikiwemo Kenya na Uganda, waonyeshe cheti cha chanjo yake; ukitoka Tanzania, ulizia ubalozini kabla ya safari. Ukikikosa unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6 mara unaposhuka. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Cheti ulichopata zamani bado ni halali maisha yako yote, kitafute tu.

Sasa usajili wa hija wenyewe. Hauna malipo, na ni wa lazima. Ulianza baada ya mafuriko ya Juni 2013 yaliyoangamiza maelfu ya watu kwenye bonde la Kedarnath, wakati hakuna aliyejua nani alikuwa wapi. Tovuti ni registrationandtouristcare.uk.gov.in, na kuna programu ya simu iitwayo Tourist Care Uttarakhand. Fungua akaunti, mgeni atumie barua pepe, kwa sababu ujumbe wa namba ya uthibitisho hauaminiki kufika kwenye laini ya huku kwetu. Ukiingia, tengeneza safari: tarehe ya kuanza, idadi ya watu, mahekalu unayokwenda na siku utakayofika kwenye kila moja. Halafu ongeza mahujaji mmoja mmoja, kila mtu na picha yake, namba ya pasipoti na simu ya ndugu wa kupigiwa kukitokea dharura.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Wengi wetu wenye asili ya Kigujarati tuna jina la baba au la mume katikati, na nyumbani hatulitumii. Kwenye fomu litumie.

Misimu mingine kila siku huwekewa idadi yake ya watu kwa kila hekalu, na ikijaa mfumo unakataa tarehe hiyo. Ndiyo maana tiketi ya ndege inasubiri. Ukikubaliwa, pakua barua yenye msimbo wa QR, chapisha nakala mbili, na nyingine iweke kwenye simu, kwa sababu mtandao huko juu unakwenda na kurudi. Itaskaniwa kwenye vizuizi vya njiani na tena hekaluni, ambako utapewa tokeni ya zamu yako ya kuingia kwa darshan, yaani kuiona sanamu ya mungu. Aliyekosa usajili wa mtandaoni hujaribu madirisha ya Haridwar na Rishikesh, lakini msimu ukipamba moto hilo ni kubahatisha.

Mpangilio wa kimila ni kutoka magharibi kwenda mashariki: Yamunotri, Gangotri, Kedarnath, mwisho Badrinath. Ukianzia Haridwar, tenga siku 10 hadi 12. Kodi gari lenye namba za njano, yaani la biashara, na muulize dereva kama ana kibali cha msimu huo, kwani bila hicho mtarudishwa kwenye kizuizi.

Kedarnath ndiyo inayotaka mipango zaidi. Gari lako linaishia Sonprayag; jipu za pamoja zinakupeleka kilomita 5 hadi Gaurikund, na hapo ni mguu, kilomita 16 au zaidi za kupanda. Hekalu liko mita 3,583. Kwa aliyepanda Kilimanjaro njia ya Marangu, ni kama kulala karibu na Horombo, na wewe umetoka Upanga au Nyali. Asiyeweza kutembea hupanda farasi au nyumbu, au hubebwa na wapagazi kwenye kiti kiitwacho doli. Lipia dirishani, usipatane njiani. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au presha aonane na daktari wake kabla hata ya kujaza fomu.

Helikopta hupaa kutoka Guptkashi, Phata na Sersi, na tiketi zinauzwa kwenye heliyatra.irctc.co.in. Mfumo utadai namba yako ya usajili kwanza. Anayekuahidi kiti kwa WhatsApp anakuibia. Hata mwenye tiketi halali asiwe na uhakika, maana ukungu ukishuka hakuna anayeruka.

Usibebe simu ya setilaiti wala kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti: nchini India ni kosa kuwa nacho bila kibali, na wageni wameshakamatwa uwanjani.

Sasa ndiyo ukate tiketi ya ndege, na kati ya siku ya kushuka Badrinath na ndege ya kurudi acha siku mbili tupu. Barabara ya Joshimath, mji unaopitia ukishuka kutoka Badrinath, ikizibwa na mawe, hizo ndizo zitakazokuokoa. Isipozibwa, zimalizie Rishikesh.