Kugeuza lita kuwa efa, hini na logi: fanya hivi

Haya, ukitaka kujua ndoo ya lita 20 ingekuwa ngapi kwa vipimo vya Waebrania wa kale, kalkuleta ya simu inatosha kabisa, ila kabla hujabonyeza chochote amua kwanza efa yako (kipimo chao cha nafaka) ni lita ngapi. Hapo ndo penye kazi.

Vipimo vyenyewe kwa vyenyewe vinaeleweka. Anza na logi, ndo ndogo. Logi 4 ni kabi moja, kabi 6 ni sea moja, sea 3 ni efa, efa 10 ni homeri. Hiyo ni ya nafaka na unga. Kwa maji, mafuta na divai, logi 12 ni hini na hini 6 ni bathi. Efa na bathi ujazo wake ni mmoja, Ezekieli 45:11 imesema wazi, kwahiyo zote mbili zina logi 72. Afu kuna omeri, ambayo ni sehemu ya kumi ya efa, usije ukaichanganya na homeri maana homeri moja ni omeri 100, herufi moja tu inakutupa mbali hivyo.

Sasa lita. Wanaosoma Biblia kwa jicho la historia wengi wanatumia lita 22 kwa bathi, makadirio yaliyotokana na vipande vya mitungi ya zamani vilivyochimbwa na kukutwa vina maandishi ya bathi. Mimi naenda na hiyo. Efa nayo ni lita 22, kwahiyo sea ni lita 7.3, hini 3.67, omeri 2.2, kabi 1.2 na logi ni kama mililita 305, yaani soda ya chupa ya mililita 300 ni logi moja kasoro kidogo sana.

Njia ya mkato: chukua lita zako zidisha kwa 72 gawanya kwa 22, unapata logi, ukishakuwa na logi unazipanga kuanzia kipimo kikubwa kushuka. Tuchukue ile ndoo. 20 mara 72 ni 1440, gawanya kwa 22 unapata logi 65.45. Kama ni maji, toa hini 5 ambazo ni logi 60, zinabaki logi 5 na karibu nusu, basi jibu ni hini 5 na logi 5 na nusu, bathi haijajaa. Kama ni mahindi toa sea 2 (logi 48), zinabaki 17.45, toa kabi 4 (logi 16), inabaki logi moja na karibu nusu. Basi, hesabu imeisha.

Ila mtu mwingine akikuletea jibu tofauti usimshangae. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba bathi ni sextarius 72 za Kirumi, na sextarius ni kama mililita 540, hapo bathi inaruka mpaka lita 39 na ndoo yako inakuwa hini 3 na logi moja tu! Marabi nao wanapima kwa yai, logi moja mayai 6. Swali linakuja, yai la ukubwa gani? Rabi Chaim Naeh kaweka yai mililita 57.6, efa ikawa lita 24.9. Wanaomfuata Chazon Ish, rabi mwingine wa karne ya 20, wanaweka karibu mililita 100, efa inafika lita 43, na hoja yao ina mizizi kwa Rabi Yechezkel Landau wa Prague, karne ya 18, aliyepima ujazo uleule kwa upana wa kidole gumba akaona hailingani na mayai, akasema basi mayai ya siku hizi yamepungua nusu. Kwahiyo ukiandika jibu taja umetumia lita ngapi kwa efa, bila hivyo namba yako haina maana.

Wanaotumia Biblia ya Kiswahili ya Union muwe makini na neno pishi. Kwenye Kutoka 16 pishi ya mana ni omeri, lita 2.2, lakini pishi tatu za unga za Mathayo 13:33 ni sea, kila moja lita 7.3, jumla efa nzima. Na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni pishi ya pwani ya vibaba vinne. Angalia mstari unaongelea nini kwanza.

Mwisho, hivi ni vipimo vya ujazo, sio kilo. Efa ya shayiri aliyopata Ruthu ni lita 22 lakini kwenye mizani itacheza kilo 13 mpaka 14, unga nao una uzito wake. Ukiwa na kilo, jaza jagi la lita moja kwa hicho kitu chako, pima uzito wake bila jagi, gawanya kilo zako kwa hiyo namba upate lita, ndo uingie kwenye logi.