Namna ya kusikiliza piano ya majira: anza na miezi ya Tchaikovsky

Jioni nikimaliza kusahihisha madaftari ya darasa la sita, nasikiliza piano peke yake, bila ngoma wala mwimbaji. Wengi wakitaka utulivu wa namna hiyo hufungua mkusanyiko wa saa nane wenye mlio wa mvua, wakauacha uende hadi alfajiri. Ushauri wangu ni tofauti: chukua kipande kimoja kifupi, ukirudie wiki nzima mpaka ukijue. Akili hutulia zaidi inapojua kinachofuata.

Kwa hilo sijaona kazi inayofaa kuliko Majira (kwa Kiingereza The Seasons) ya mtunzi Mrusi Pyotr Tchaikovsky, yenye vipande 12, kila mwezi na chake. Vilitoka mwaka 1876 katika Nuvellist, jarida la muziki la St Petersburg, kimoja kwa kila toleo la mwezi. Mhariri wake, Nikolay Bernard, ndiye aliyemwagiza Tchaikovsky avitunge. Msomaji wa wakati ule alikuwa na mwezi mzima wa kukizoea kipande kimoja, na hivyo ndivyo ninavyotaka nawe ufanye.

Ukitafuta mtandaoni kwa neno Seasons peke yake utaletewa Vivaldi, mtunzi Mwitaliano, na fidla zake. Andika Tchaikovsky, Seasons, kisha piano, maana yapo pia matoleo ya okestra. Kati ya wapiga piano waliovirekodi, mimi nampenda Mikhail Pletnev. Vladimir Ashkenazy naye ni mzuri. Pakua kabisa, halafu zima data, tangazo la biashara lisije likakukatiza katikati.

Anza na Juni. Ni wimbo wa mashua: mkono wa kushoto unayumba taratibu, wa kulia unaimba juu yake kwa huzuni kidogo. Usitumie spika ya simu, kwa kuwa inameza sauti nzito na mkono wa kushoto unapotea, nao ndio maji yenyewe. Vaa hedifoni au unganisha spika ya mezani. Sauti usiipime kwa mwanzo, maana mwanzo ni wa chini sana na utashawishika kuongeza. Katikati muziki unachangamka, unaharakisha, unapanda hadi kwenye mapigo makubwa, ndipo wimbo wa kwanza unarudi. Pima sauti kwa sehemu hiyo ya katikati, la sivyo utashtuka badala ya kusinzia.

Usiku wa kwanza sikiliza tu. Unaofuata, fuata mkono wa kushoto peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo subiri ule mrudio wa wimbo; ukianza kuusikia kabla haujafika, kipande kimekuwa chako.

Si miezi yote inayotuliza. Februari ni sherehe za kabla ya Kwaresima, Agosti ni mavuno, Septemba ni uwindaji. Hizo zisikilize mchana ukifua au ukipika. Za usiku ni Januari, Machi, Mei, Juni na Oktoba. Machi ni ya ndege kipozamataza na inakwisha upesi. Mei inaeleweka ukikumbuka kwamba St Petersburg iko kaskazini mno, na kuanzia mwishoni mwa mwezi huo usiku hauingii giza kamili. Oktoba ndiyo yenye majonzi kuliko zote. Niliisikiliza sana nilipofiwa na mama, ikaniliza, na kulia kule kulinisaidia. Kama huko tayari, iache kwanza.

Wala usifungwe na kalenda. Januari ya Tchaikovsky ni kukaa ndani kando ya moto, nje kukiwa na theluji, lakini Januari yetu hapa Njombe ni mvua na mahindi shambani. Mimi hiyo ya Tchaikovsky naisikiliza miezi ya Juni na Julai, baridi inapouma na blanketi mbili hazitoshi.

Ukishavijua vipande vitatu au vinne, nenda kwa Fanny Hensel, Mjerumani aliyetunga mwaka mzima wa piano mwezi kwa mwezi mnamo 1841, miaka 35 kabla ya Tchaikovsky. Ukitaka kitu cha karibuni na chepesi zaidi, tafuta albamu za Mmarekani George Winston: Autumn ya 1980, au December ya 1982. Alikulia jimbo la Montana, ambako kila msimu unaonekana waziwazi, na anaacha nafasi kubwa kati ya noti. Kwake pia anza na wimbo mmoja. Mimi ningechagua Thanksgiving, unaofungua December.