Namna ya Kudaka Mpira wa Chini katika Besiboli

Mpigaji anapougonga mpira ukashika ardhi, papo hapo huanza kukimbilia kituo cha kwanza, kilicho umbali wa mita 27.43, na mdakaji hupata sekunde chache tu za kuudaka na kuurusha huko kabla mpigaji hajafika. Kwa sababu hiyo, maandalizi huanza kabla mpira haujagongwa. Mrushaji, yaani anayemtupia mpigaji mpira, anapouachia, piga hatua mbili fupi kwenda mbele, simama huku uzito ukiwa kwenye sehemu ya mbele ya nyayo, tanua miguu kupita upana wa mabega, kunja magoti, na uiache glavu ining'inie mbele yako.

Kosa baya kuliko yote ni kuishusha glavu kwa kuchelewa. Iguse ardhi mapema, kiganja kikiutazama mpira, kisha ipande pamoja na mpira, kwani mpira ulioruka ghafla unaweza kuzuiwa hata na kifua, lakini uliopita chini ya glavu umekwisha kwenda. Tarehe 25 Oktoba 1986, katika mchezo wa sita wa fainali za Marekani, mpira uliopigwa na Mookie Wilson wa New York Mets ulipita katikati ya miguu ya Bill Buckner wa Boston Red Sox, na Mets wakashinda 6 kwa 5. Buckner alikuwa mchezaji hodari aliyecheza na maumivu ya vifundo vya miguu, na si haki kumkumbuka kwa mpira huo mmoja.

Usiungoje mpira, ufuate, huku ukichagua mdundo wa kuudakia. Midundo miwili ni salama: ule unaoudaka mara tu mpira unapoinuka kutoka ardhini, na ule unaoudaka ukiwa umefika kileleni au unaanza kushuka. Ulio kati ya hiyo ndiyo hatari, kwa kuwa mpira bado unapanda kwa kasi na hujui utakufikia kifuani au usoni. Ukiona unakuja hivyo, sogea hatua moja mbele au nyuma ili uubadilishe mdundo.

Anayerusha kwa mkono wa kulia aukaribie mpira kutokea kulia kwake kidogo, akanyage mguu wa kulia kisha wa kushoto, na audakie mbele ya uso, mahali ambapo macho yanaiona glavu na mpira kwa pamoja. Mkono usio na glavu ukae juu yake kama kifuniko, kisha mikono yote miwili iulete mpira tumboni, na vidole viwili vishike mishono kwa kuikingama kabla ya kurusha.

Kwa mazoezi, piga magoti mita tano kutoka kwa mwenzako, akuviringishie mpira taratibu, nawe uudake kwa mikono mitupu. Mikono ikizoea kuupokea kwa ulaini bila kuukamata kwa nguvu, ndipo uvae glavu na usimame.