Kumtia kifaranga cha bantamu kwenye banda la kuku wakubwa

Haya wenzangu mnaofuga uwani, skizeni, hivi vibantamu, kuku wa umbo dogo, watu wanavipenda sana siku hizi, khasa watoto, mtu akishapata kifaranga anamchukua na kumtupia moja kwa moja bandani pamoja na mitetea na makuchi (wale kuku wakubwa wazito), asubuhi anaokota maiti. Kuku wana daraja zao, kila mmoja anajua anamdonoa nani na nani anamdonoa yeye, akiingia mgeni lazma wamjaribu, na mgeni mwenyewe akiwa anaenea kiganjani basi midono miwili ya kichwa inammaliza. Kwaiyo mambo ni mawili tu: wamuone na wamzoee kabla hawajamfikia, halafu awe na pahala pa kukimbilia ambapo mkubwa hapiti. Hili la pili watu wengi hawalifanyi na mimi naona ndo lenye kumuokoa.

Kama umemnunua sokoni Darajani au umeletewa kutoka shamba usimchanganye hata kama anaonekana mzima. Mweke mbali na kuku wako wiki 2 mpaka 4, kwenye boksi au tenga, mbali na banda, na wahudumie kwanza kuku wako wa zamani ndo uje kwake, ukimaliza unaosha mikono kwa sabuni. Mtazame kinyesi, kikiwa na damu mara nyingi hiyo ni koksidia, maradhi ya matumbo, na inataka dawa mapema, mtazame macho na pua, mfunue mbawa uangalie chawa na utitiri. Na mdondo usiufanyie mchezo, chanjo yake inayoitwa I-2 ni tone moja la jicho, mkubwa tone moja na kifaranga tone hilo hilo moja, unarejea kila miezi 3 au 4, na wachanje wote pamoja na wale wa bandani halafu wape kama wiki 2 chanjo ifanye kazi kabla ya kuwakutanisha.

Huko alipo anataka joto. Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35, kila wiki unapunguza kama nyuzi 3 mpaka aote manyoya vizuri, na bantamu kwa udogo wake anapoteza joto haraka kuliko vifaranga wengine ivo wakati wa masika uwe macho zaidi. Huna haja ya kipimo, yeye mwenyewe anakwambia: akijikunyata chini ya taa na kulia kwa sauti kali ana baridi, akitanua mbawa na kuhema mdomo wazi taa iko karibu mno. Umeme ukikatika tia maji ya moto kwenye chupa, izungushie kitambaa, mweke pembeni yake. Na tafadhali mtafutie mwenzake hata kama si bantamu, maadamu wanalingana umri, kifaranga wa peke yake analia kutwa na siku ya kuingia bandani midono yote inakuwa yake.

Kuna njia ya mkato na ni nzuri sana ukiibahatisha. Kama una koo analalia na mayai yake ndo yanaanguliwa, na kifaranga wako ana siku 1 mpaka 3 tu, subiri usiku baada ya Isha, usiwashe taa kali, pitisha mkono chini ya kifua umtoe yai moja umsukumizie kifaranga pale pale kwenye joto. Alfajiri uwe ushafika. Koo akimwita kwa ile sauti ya chini ya ko ko ko na kumfunika umemaliza, huyo mama atapigana na banda zima kwa ajili yake, ila akimdonoa usoni mtoe hapo hapo usisubiri mara ya pili. Koo awe mwepesi wa kienyeji, kuchi ni mzito anaweza kumkanyaga kitoto kidogo kama kile. Kifaranga akishapita wiki moja njia hii ni ngumu, yeye mwenyewe hamtaki tena mama.

Basi kama huna koo, na akishamaliza zile wiki za kukaa mbali na banda na manyoya yashatimia, mkatie kona ndani ya banda kwa wavu wa waya. Tundu za wavu ziwe ndogo, nusu inchi, mana zikiwa kubwa anatoa kichwa nje na hapo ndo wanampata. Weka chakula cha wakubwa na chake karibu na wavu pande zote mbili wawe wanakula huku wanatazamana, kwa wiki 2 au zaidi. Juu pia funika, kunguru wetu hawa wanamnyakua kifaranga mchana kweupe, na usiku panya na ngawa wanazunguka. Maji yake yatie kwenye kifuu na vijiwe ndani, beseni la wakubwa anazama.

Kuwachanganya khasa mimi nasema asubiri afike miezi 3, kuku wa kawaida mnaweza kumuingiza mapema zaidi lakini huyu umbo lake linachelewa. Kata kitobo chini ya ule wavu, anza na kama sentimita 10, umpime yeye mwenyewe, apite yeye na mitetea ikwame, ukiona anabanwa ongeza kidogo. Chakula chake kibaki huko ndani. Hii ina faida nyengine, chakula cha kutagia kina kalsiamu nyingi, karibu asilimia 4 wakati mdogo anahitaji kama asilimia 1, akila kile kwa muda mrefu figo zinaharibika. Ukishindwa kuwatenganisha wape wote chakula cha kukuzia na wanaotaga uwawekee magamba ya chaza yaliyopondwa chombo chao mbali.

Siku ya kwanza fungua jioni karibu na magharibi, wakubwa washashiba, waning'inizie fungu la mchicha wawe na shughuli, na usiondoke. Mkubwa akimdonoa mara moja akaenda zake wacha, wanajuana hao. Akimfukuza kona hadi kona na kumkandamiza shingo ingilia, na likitoka tone la damu mtoe upesi maana wekundu unawaita wote, safisha, paka jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda. Akiwepo mtetea mmoja mkorofi mtoe yeye si mdogo, mfungie chini ya tenga siku chache, akirudi anakuta daraja lake lishapungua na ukorofi unakwenda nao.

Akiwa ni jike, jimbi la kuchi la kilo 3 na zaidi asilale nalo banda moja akishakua, yeye hata kilo 1 mara nyingi hafiki, likimpanda linamchana mgongo au kumvunja. Mpe jimbi wa saizi yake, au mtenge wakati jimbi liko nje.